Mwavuli wa Marehemu na Kichwa cha Gia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimetoka kwetu Magarini alfajiri, shati nimelipiga pasi ya mkaa, nikidhani nitakalishwa kwenye cherehani mara moja. Fundi Mkuu alinitazama juu hadi chini, akaniuliza mwavuli una mbavu ngapi. Nikasema sita.

"Nane," akasema. "Basi fagia kwanza."

Karakana yetu ilikuwa Malindi, nyuma ya soko la zamani, na ilifanya kazi mbili ambazo vijana wa leo huona hazihusiani hata kidogo. Upande mmoja tulitengeneza miavuli. Upande wa pili tulitengeneza vifaa vya ndani ya gari: kava za viti na za usukani, mapazia ya madirisha, mikeka ya kuwekea miguu. Kwetu ilikuwa kazi moja, kwa sababu pote palihitajika kitambaa kizuri, uzi uliopakwa nta na mkono usio na haraka.

Mwavuli wa zamani ulikuwa kitu cha heshima. Kitambaa chake kilikuwa pamba nyeusi nzito, fimbo yake mti mgumu, na mpini wake ulipindwa kwa mvuke mpaka ukakaa vizuri kiganjani. Ubavu ukikatika tuliuchomoa tukatia mwingine. Wazee wa kwetu walikuja nao mjini hata mbingu zikiwa hazina wingu, na hakuna aliyewacheka. Hivi vya leo upepo mmoja tu vimepinduka, na kesho yake utaviona mtaroni. Sina ugomvi navyo, ila naona tabu kuviita miavuli.

Wenye magari nao walikuwa na madaha yao. Mtu hakukubali kutembelea gari kama lilivyotoka kiwandani. Alitaka mapazia yenye marinda, alitaka kava ya usukani ya ngozi, na zaidi alitaka kichwa cha gia cha peke yake, kile kirungu anachoshika dereva akibadili gia. Tulivichonga kwa mti mkavu, tukavipiga msasa na mafuta ya nazi mpaka ving'ae. Mimi mkono wangu ulikuwa mzuri kwenye vichwa vya gia. Nasema bila haya, maana ndicho kilichoniponza.

Miavuli iliyokwisha kutengenezwa, ambayo wenyewe hawajaja kuichukua, tuliitundika kwenye waya chini ya dari. Kila mmoja ulifungwa kamba mpinini, na msimu wa mvua ukipita Fundi Mkuu alipiga fundo. Mwavuli ukifika mafundo matatu bila mwenyewe kuonekana, ulikuwa halali ya karakana na tuliweza kuuvunja tupate spea. Alikuwa akipiga mafundo hayo mwenyewe, na mimi sikuwahi kumwuliza lolote.

Alipokwenda Kilifi kufungua karakana ya pili, akawa anakuja kwetu Jumamosi tu, aliniambia, "Karisa, kamba sasa ni zako." Kwetu shambani tunapanda masika na tunapanda vuli, na zote ni mvua. Kwa hiyo nilipiga fundo kila masika na kila vuli. Sikujua wakati ule kwamba yeye huhesabu masika peke yake, kwa hiyo mafundo yake matatu ni miaka mitatu kamili. Yangu yalitimia kwa mwaka mmoja na kidogo.

Kwenye waya ule palikuwa na mwavuli wa mume wa Bi Zainabu, mama mmoja wa mtaa wa pili. Mama huyo aliuleta wakati mumewe ni mgonjwa, akasema mumewe atakuja kuuchukua mwenyewe akipata nafuu. Hakupata nafuu. Nilisikia msiba, nikaona jeneza likipita, na bado nilipiga fundo la pili, kisha la tatu. Wiki ile ile meneja wa gereji ya kiwanda kimoja cha chumvi, kule Marereni, alikuja akitaka kichwa cha gia cha mti mweusi. Nikautazama mpini wa mwavuli wa marehemu, mnene, mti mweusi mtupu. Nikaukata, nikauchonga siku mbili. Meneja alifurahi mno, akasema, "Wewe siku moja utakuja kufanya kazi kwangu."

Haukupita mwezi, Bi Zainabu akaja. Nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ule mwavuli. Nilipotoka eda sikuweza kuja. Kila nikifika pembe ya msikiti nageuka. Leo nimejikaza."

Ningesema kweli pale, ningetukanwa, pengine ningefukuzwa kazi, basi. Lakini nilimwogopa Fundi Mkuu, maana mafundo au si mafundo, niliuvunja mwavuli wa marehemu nikijua mjane wake yupo. Nikasema, "Ulichukuliwa, mama. Alikuja mtu akasema ametoka nyumbani kwenu."

"Mwanamume?"

"Ndiyo."

"Mrefu?"

Nikasema mrefu. Akajifunga mtandio wake vizuri. "Ni Hamisi huyo," akasema. "Shemeji yangu. Hata mwavuli hakuniachia."

Huyo Hamisi ndiye aliyekuwa akimpelekea samaki na unga kila Ijumaa tangu kaka yake azikwe. Bi Zainabu alimfungia mlango. Yalinifikia kutoka kwa Fundi Mkuu mwenyewe, Jumamosi moja, akinywa kahawa.

"Bi Zainabu na shemejiye hawasemezani. Watu wasema ni kwa sababu ya mwavuli. Hamisi ameshika msahafu mbele yake kwamba hakuuchukua, na yeye amemwita mwongo hivyo hivyo. Ule mwavuli ulikwenda wapi, Karisa?"

"Alikuja mtu, Fundi."

Aliinua macho akautazama waya, kamba moja baada ya nyingine, na mafundo yake. Najua aliyahesabu. Hakuniuliza tena. Baada ya Idi alinihamishia Kilifi, na hapo Kilifi msimamizi aliambiwa asinipe miavuli, nishone kava za viti tu. Sikulalamika, na sikusema kweli pia.

Miaka minne baadaye yule meneja wa Marereni alitimiza neno lake, akaniita gereji ya kiwandani. Nilitengeneza viti vya malori ya chumvi, na hiyo ni kazi ya kukatisha tamaa. Chumvi hula uzi, hula springi, hula hata mikono. Kiti nilichokishona Januari nilikirudia Juni. Kila Jumatatu meneja alinipakia kwenye gari lake tukakague malori. Nilikaa kushoto kwake, na kati yetu kile kichwa cha gia, cheusi, kinang'aa, mkono wake juu yake. "Huu ndio ufundi," alikuwa akiwaambia wageni. Nilifanya kazi kwake mpaka gari lile likauzwa kama vyuma chakavu. Nilitaka kukiomba kile kichwa, mdomo ukawa mzito, gari likaondoka nacho.

Sasa nimestaafu na nimerudi Malindi. Sina waya wala cherehani. Macho hayaoni tundu la sindano, na magari ya leo huja na kila kitu kutoka huko yanakotoka, hayana haja na mtu kama mimi. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka sana, na kila nikiikumbuka inanifikisha pale pale, kwenye lile neno "mrefu". Nimekuwa mtu wa huzuni, wanangu wanasema, nao hawajui kwa nini.

Mwaka huu Hamisi alifariki. Nilikwenda maziko, nikakaa nyuma. Bi Zainabu hakuonekana matangani. Wiki iliyofuata nilikwenda kwake nikamweleza yote, kamba, mafundo, meneja, na uongo wangu. Ni kikongwe sasa, lakini akili yake iko sawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alishika msahafu," akasema. "Mbele yangu. Nikamwambia, 'Ondoka na msahafu wako.'"

"Nisamehe, mama."

"Mimi usiniombe kitu." Akaomba buibui lake, akasimama kwa shida. "Nishike mkono. Twende ukawaambie wanawe."

Nyumba ya Hamisi haiko mbali. Tulimkuta binti yake mkubwa akichagua mchele ukumbini. Alipomwona Bi Zainabu mlangoni alisimama, kwa maana mguu ule haukuwahi kukanyaga pale tangu yeye ni mtoto. Nikasema nilichokuja kusema, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakulia na hakunitukana. Aliuweka ungo chini.

"Baba aliugua miezi saba kwenye kitanda kile," akasema. "Wewe siku zote hizo ulikuwa ukikaa wapi, mzee?"

Nikamwambia hapa hapa, nyumba ya nne kutoka kwao.