Taulo Letu Moja

Juzi nilimkuta mke wa mwanangu akitupa taulo kwa sababu lilinuka uvundo, na hasira ya utotoni ikanipanda.

Tulikuwa tukiishi Ujiji na shangazi, dada yake baba. Alasiri moja alinawa uso, akalinusa taulo letu moja la nyumba nzima, akalirusha miguuni pa mama mbele ya majirani.

"Wifi, nyumba yako inanuka!"

Mama aliliokota. Sabuni ilikuwa imeadimika madukani, kwa hiyo alilichemsha taulo kwa maji ya majivu, akaenda kulisuuza ziwani, akalianika kwenye mawe ya moto mpaka likakakamaa. Nilimfuata nikilia. Niliamini mama ni mchafu kweli, ndiyo maana ananyamaza.

"Kwa nini humjibu?"

"Ni dada wa baba yako. Nyamaza."

Mama alinieleza miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa: kila asubuhi shangazi alikuwa akioga na kulificha taulo likiwa majimaji chini ya godoro lake, asilitumie mwingine.

Baada ya kisa hicho cha juzi, Jumapili nilikwenda Rusimbi anakoishi shangazi sasa, nikamwambia hayo yote. Akacheka, akasema hakumbuki taulo lolote.

Niliondoka bila kumuaga.