Ugali wa Udaga kwenye Matundu ya Misumari

Niliziba matundu ya ubao wa watu kwa ugali. Naisema mwenyewe kabla majirani wa mtaa wetu wa Kitaji hawajanitangulia, maana wao wakisimulia huongezea na mchuzi.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimefikiri, jambo ambalo kwangu ni la hatari zaidi. Kila anayekula ugali wa udaga anajua kwamba usipoosha sufuria siku hiyohiyo, kesho utakwangua mpaka bega liume. Unga ule wa muhogo ukikauka hushika chuma kama umechomelewa. Basi mimi, na cheti changu cha kidato cha nne, nikajiuliza: kama unashika sufuria, mbao itaukatalia nini?

Ubao wenyewe ulikuwa wa mama jirani, mjane, aliyekuwa anafungua mgahawa wa samaki mbele ya nyumba yake. Mtumbwi wa marehemu mumewe ulikuwa umeoza wote isipokuwa kipande kimoja cha mvule, na hicho ndicho alichoniletea.

"Kibao changu kitoke humu, fundi. Kingine sina."

Kilikuwa na matundu ya misumari safu kwa safu, na mawili makubwa ya boliti. Herufi nilizochonga, SATO NA SANGARA, zilipita juu yake, na bila kuyaziba ungedhani samaki hao wameugua ndui. Nikashindilia ugali, nikapaka rangi, nikauegemeza ukutani kwake ukauke.

Asubuhi nikawakuta kuku wake wamejipanga mbele ya kibao kama wateja wa kwanza. Walikuwa wamedonoa kila tundu hadi chini, rangi na yote. Mama amesimama, mikono kiunoni.

"Hiyo ni mbao ya mume wangu," alisema. "Siyo sahani."

Sikulala vizuri. Ningekuwa nimeharibu mbao ya dukani, ningenunua nyingine. Hii angeitoa wapi?

Nikaurudisha karakanani, yaani barazani kwangu, nikachukua kipande kilichobaki nilipoukata ubao ule ule, nikakitoboa matundu ya kujaribia. Kwa shingo upande nikaenda hadi Bunda kutafuta vya kuzibia; mimi safari yangu ndefu huwa ni kutoka kitandani hadi kwenye randa. Nikarudi na puti ya magari, puti ya mbao ya kopo lenye picha ya meza inayong'aa, na sementi nyeupe. Mke wangu akavitazama.

"Baba watoto, safari hii usiguse mboga."

Nikajaza kila tundu kwa kitu chake, kisha kipande nikakiacha nje kipigwe na jua na mvua. Sementi ilipasuka mapema, haikunipotezea muda. Puti ya kopo ilibaki, ila imepauka kama chunusi iliyopakwa poda. Puti ya magari ilikuwa ngumu kama jiwe, nikaanza kujisifu. Asubuhi moja baada ya mvua, nikaigusa kwa ukucha, ikachomoka nzima, ikaanguka miguuni pangu.

Niliinama kuiokota, kisha nikabaki nimeinama. Puti haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mbao. Ilikuwa imenywa unyevu wa usiku ikavimba, na jua lilipopanda ikajikaza tena. Nilipitisha kidole pembeni ya tundu asubuhi na mchana nikausikia mwendo wake. Mti uliokatwa kabla sijaota ndevu, ukapigwa misumari, ukalowekwa ziwani miaka na miaka, bado unavuta pumzi! Mimi nilikuwa nimeuzibia kama naziba ukuta.

Ndipo nikaupiga msasa mvule uleule. Vumbi lake linawasha pua, nilipiga chafya mpaka kuku wa watu wakakimbia. Nikalichanganya na gundi isiyoogopa maji, gundi kidogo na vumbi jingi, nikajaza kidogokidogo, nikingoja likauke ndipo niongeze, nikaacha lijae kupita usawa kidogo. Matundu ya boliti nikayapiga vigingi vya mvule huohuo. Jaribio lilipokaa mvua mbili bila kutikisika, nikaingia kwenye kibao chenyewe.

Nikakipiga msasa, kisha nikapitisha brashi ya kwanza ya vanishi. Rangi ya asali ilipanda kutoka ndani ya mbao, na matundu yakazama humo moja baada ya jingine, mbele ya macho yangu. Ukiyatafuta sana uliona vidoa vyeusi kidogo, kama mti ulizaliwa navyo. Nimefanya ufundi muda mrefu, na siku hiyo nilivua kofia barazani peke yangu kama niko kanisani.

Mama alipokuja nikamsogezea kibao. Akapitisha kiganja juu ya herufi, polepole, akarudi tena mwanzo. Nilidhani ananisifu kimoyomoyo. Kumbe anatafuta ugali.

Hakunisifu. Alikibeba mwenyewe hadi uani kwake, akakilaza chini, akaita kuku. Wakaja mbio, wanakumbuka. Jogoo akadonoa kwenye O, akadonoa kwenye S, akanitazama kama mtu aliyedanganywa, akaondoka na wake zake.

Mama akakiinua, akafuta vumbi kwa khanga, akanikabidhi.

"Kuku wamekikataa. Haya, kakitundike, na ugali wako uwe unaumalizaga mezani."