Ukucha wa Fundi

Kabla ya kufunga injini, fundi hufumba macho na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, pale itakapokaa gasketi, ule utando wa kuzuia oili isivuje. Husema jicho ni la kudanganywa. Akigusa chembe ya gundi ya zamani, huguna, huikwangua, hufuta kwa kitambaa kikavu, kisha huanza upya. Bolti huzikaza kidogo kidogo, moja huku, nyingine upande wa pili, midomo ikihesabu bila sauti.

Juzi mwenye gari mmoja alimsimamia mlangoni, maana kesho yake alikuwa ampeleke mama yake hospitali ya mbali. Injini ilinguruma vizuri na sakafu ilikuwa kavu. Fundi akajilaza chali, akapapasa nyuma ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kidole kikatoka kinang'aa oili.

"Si katone tu, fundi?"

"Hapa ni katone. Ukiwa njiani na mama, je?" Akazima injini. "Kosa ni langu, ndugu yangu. Naifungua."

Mwenye gari alishusha pumzi, akakunja mikono ya shati, akamshikia taa. Jioni kidole kilipotoka kikavu, fundi alibaki amelala pale pale chini, akacheka.

"Haya. Mpeleke mama."