Tano ya Bi Zuhura na Banda la Mama

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyemfanya mama akate migomba yake mwenyewe. Nimesingizia upepo, nimesingizia mnyauko, lakini leo nakiri, ni mimi, tena nina shahada ya takwimu.

Nilipita Murongo dukani kwa Bi Zuhura, muuza vitenge ambaye babu yake alitoka Pangani enzi za Mjerumani kununua kahawa, akaja na ujuzi wa kujumlisha namba. Wafanyabiashara wa pale walichezesha bahati nasibu kila Jumamosi, zawadi ikiwa mfuko wa sukari, isipokuwa ile ya mwisho wa mwaka, iliyokuwa Jumamosi hiyo hiyo, ambayo zawadi yake ilikuwa mtamba wa maziwa. Bi Zuhura alizijua kwa kichwa namba zote zilizowahi kushinda, na huku akipima kitenge, bila hata kukosea kipimo, alizijumlisha moja moja mpaka ibaki tarakimu moja: "Nne na sita, kumi, na tisa, kumi na tisa, na mbili, ishirini na moja. Mbili na moja, tatu."

"Bi Zuhura," nikamwambia kwa sauti ya chuo kikuu, "namba hazina kumbukumbu."

"Hazina, mwanangu. Mimi ninayo. Jumamosi tano zilizopita: tatu, nane, tano, tatu, nane. Jumamosi hii inakuja nini?"

"Tano," nikajibu (kama mtoto wa darasa la pili), nikanunua tiketi 1823, maana moja na nane na mbili na tatu ni kumi na nne, na moja na nne ni tano.

Ningenyamaza hapo yangeisha. Lakini nilipofika nyumbani Ihembe nikamwambia mama, kwa utani tu, aandae banda la ng'ombe, na mama, ambaye neno langu la hesabu kwake ni kama la kanisani, akachukua panga akafyeka migomba ya nyuma ya jiko, ile aliyopandiwa na mama mkwe wake alipoolewa, kisha majirani wakaja na kahawa ya kutafuna, mmoja akaleta na kamba ya ng'ombe, nami (sijui nilipatwa na nini) nikaipima.

Jumamosi simu ikalia, ua umejaa watu. Nikaweka spika.

"Mwanangu, ni tano!" Bi Zuhura akapaza sauti. Vigelegele! Mama akacheza mpaka kilemba kikadondoka.

"Nisomee namba yote," nikasema.

"Tatu, sita, nne, moja."

Nikajumlisha. Kumi na nne. Tano kweli, mwanamke yule hakukosea hata nukta, ila haikuwa 1823 yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika kila tiketi tisa moja hujumlika kuwa tano.

Mama akaisogelea simu, akaitazama ile nafasi tupu nyuma ya jiko. "Bi Zuhura, na kibanja changu cha migomba je?"

"Pole sana, dada yangu. Mimi nilitaja tano. Banda alilitaja nani?"