Msitu Wangu Umekausha Chemchemi, na Sahihi Inayotakiwa Ni Yangu

Mwenye ukurasa, nakushukuru kwa kukubali kulificha jina langu. Nina umri wa miaka hamsini na tisa, ni Mlutheri, mzaliwa wa Kilimanjaro, na kwa muda mrefu nimekuwa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja chini ya Mlima Meru. Sikuzoea kueleza mambo yangu ya ndani. Wanafunzi wananijua kama mtu wa kalamu nyekundu, asiyesamehe hata nukta iliyowekwa mahali pasipo pake. Leo anayestahili kusahihishwa ni mimi.

Biashara ilipofunguliwa nchini, Arusha ilianza kujengwa kila upande, nguzo zikapata soko, na miti ya mlimani ikakatwa bila huruma. Niliona kwamba chuo kinachofundisha mazingira ubaoni tu hakifundishi kitu. Nikapendekeza kanuni, nayo ikapita: kila mwanafunzi wa somo langu apande miti ishirini, aitunze, na alama zake zitokane na idadi ya miti iliyo hai atakapomaliza mwaka wa pili. Mti uliokufa haukuwa na alama. Sababu sikusikiliza.

Wanafunzi si wajinga. Waliiacha miche ya asili, ambayo hukua polepole na huliwa na mbuzi, wakapanda mikaratusi, kwa maana mkaratusi haufi ovyo. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu hesabu ilipendeza. Na mahali tulipopewa palikuwa kandokando ya chemchemi moja juu ya Ngaramtoni, penye udongo usiokauka.

Watu wa pale walikuwa na desturi: shoka halikaribii chemchemi ile, wala kichaka kilicho chini ya mikuyu yake hakifyekwi. Sisi tulikifyeka. Bibi mmoja, ambaye kila mtu humwita Koko, alisimama na ndoo yake akitutazama.

“Mwalimu, hiyo miti yako inakunywa,” alisema. “Ina kiu kuliko ng’ombe wa mume wangu.”

Wanafunzi walicheka. Nami nilicheka. “Bibi, miti ndiyo inayoleta maji. Hilo tumelisoma.”

“Haya, wewe umesoma. Mimi nachota tu.”

Msitu ulisimama. Wageni waliletwa kuuona, nami nikapandishwa cheo. Mwaka huu chuo kimeamua kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa hesabu au wa biashara, ataifuata kanuni yangu. Chemchemi ya pili imekwisha kuchaguliwa, na miche iko tayari kitaluni.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Yupo binti nitakayemwita Neema. Alikuwa mwanafunzi wangu wa miaka ile ya mwanzo, na sasa anasomea shahada ya pili chini ya usimamizi wangu. Kwa miaka miwili alikwenda kwenye chemchemi ile kila wiki, akiwa na ndoo na saa, akipima ndoo moja inajaa kwa muda gani. Alipima pia chemchemi jirani isiyo na mikaratusi. Ya jirani inatoka kama zamani. Ya kwetu inakufa, na Neema ameandika waziwazi kwamba inauawa na msitu wetu.

Kazi hiyo haiwezi kwenda kwa watahini bila sahihi yangu, nami nilimrudishia kwa ajili ya pambizo na tahajia. Akarekebisha. Nikamrudishia tena, nikiandika kwamba ushahidi hautoshi, bila kuonyesha ni wapi. Nilijua kwamba unatosha.

Juzi alikuja ofisini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umerekebisha?”

“Yote. Naomba unionyeshe kosa moja la kipimo. Moja tu, nami nitaanza upya.”

Nilifunua kurasa mbili tatu, nikaifunga kazi. Akasema, “Mwalimu, mimi nilipanda mikaratusi ishirini, ikaishi yote, ukanipa alama zote. Sikuja kukushtaki wewe peke yako. Na mimi nimo humo.”

Nilipomweleza mkuu wa idara, alicheka. “Mzee wangu, ikalie tu hiyo kazi mpaka muda wake uishe. Sherehe ya kukuaga utakapostaafu tumeipanga palepale msituni, halafu wewe utusainie kwamba msitu ni balaa?”

Jumamosi nilikwenda kwenye chemchemi peke yangu. Ndoo zilikuwa zimepangwa mstari, na maji yalikuwa uzi mwembamba. Koko alikuwapo, amezeeka sana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

“Karibu, Mwalimu. Ningekupa chai, lakini maji hayajanifikia. Ndoo yangu ni ya saba.”

Nikaketi kwenye jiwe kando yake. Nikatoa saa yangu, nikapima ndoo ya kwanza hadi ilipojaa. Ulikuwa muda uleule alioandika Neema.

Ndugu wasomaji, nikitia sahihi, kanuni niliyoijenga maisha yangu yote itaanguka, na nitastaafu nikiwa mtu aliyewakaushia watu maji kwa jina la elimu. Nisipotia, muda wa Neema utakwisha mwisho wa mwezi huu, ataondoka bila shahada, na mamia ya vijana watapelekwa na miche kwenye chemchemi ya pili, wakijua kwamba mti ulio hai ndio alama.

Kazi yake iko mezani ninapoandika haya. Ukurasa wa mwanzo ameandika kwamba anaitoa kwa mwalimu aliyemfundisha kupima. Mara tatu nimeishika kalamu, na mara tatu nimeirudisha mezani. Mke wangu ameacha kuniuliza. Nawauliza ninyi, msionijua, nanyi msinionee haya kwa sababu ya umri wangu: mtu kama mimi anaanzia wapi? Nijibuni upesi. Siku za Neema zinahesabika, na Koko bado yuko kwenye foleni.