Nichungie

Kwa miaka ishirini na saba Aluoch aliuza nguo za watoto karibu na Soko la Burma, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema amechoka. Miguu ikivimba, alibadilisha viatu. Mgongo ukiuma, aliufunga leso. Ukimuuliza hali, jibu ni lile lile, yuko fiti, hata sisi majirani tukaacha kuuliza.

Binti yake Awuor, nesi katika mji wa Aarhus huko Denmark, ndiye hakuacha. Mwaka huu alimtumia tiketi ya ndege aende kumtembelea, na pamoja nayo ombi: akirudi, mama afunge kibanda, apumzike nyumbani kwake mwenyewe, mtaani Komarock. Ruqiya, jirani yake wa sokoni, aliitaka nafasi ya kibanda hicho na alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Aluoch alipanda ndege jibu lake likiwa tayari, nalo lilikuwa hapana. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha Awuor. Akikiacha, yeye atakuwa nani?

Jumamosi moja Awuor alimpeleka kwenye barabara ya maduka katikati ya mji. Barabara pana, imetandazwa mawe, na gari hata moja hakuna. Aluoch hakuiamini. Alitembea ameubana ukuta, akigeuka kila mara kutazama kama kuna mkokoteni nyuma yake.

"Mama, tembea katikati. Magari hayaruhusiwi hapa."

"Hata bodaboda?"

"Hata bodaboda."

"Na hao wa boda waliambiwa, wakasikia?"

Awuor alicheka, akamwacha mbele ya duka moja la nguo, akaingia la dawa lililokuwa jirani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nje ya duka hilo la nguo palitundikwa jaketi za watoto kwenye chuma chenye magurudumu. Jaketi mpya, nzuri, na mwenyewe hayuko! Sasa, kule Burma kuna neno nichungie. Ukienda msalani, au kuswali kama Ruqiya, unamwambia jirani nichungie, naye anachunga mali yako kuliko yake. Hata ukisahau kusema, anachunga. Aluoch akaweka mkono juu ya kile chuma, akasimama.

Alisimama karibu nusu saa, maana foleni ya dawa ilikuwa ndefu. Baridi ilimpanda kutoka kwenye mawe mpaka magotini. Kisha mwanamke mmoja akachomoa jaketi ya bluu na kuanza kuondoka nayo. Aluoch akamdaka mkono.

"Wee! Ngoja mwenyewe aje!"

Maskini yule mama alikuwa akienda ndani kulipa. Alionyesha mlango, akaonyesha pochi, lakini Aluoch hakuachilia. Muuzaji akatoka. Awuor naye akaja mbio, amejaa aibu, akaeleza kwa Kidenmark huku akiomba radhi.

"Mama, mwenyewe yuko ndani. Hizi zinakaa nje tu siku nzima. Hakuna anayezichunga."

"Hakuna mtu anayesimama hapa?"

"Hakuna."

Muuzaji alitabasamu, akashukuru, akarudi ndani bila kuzitupia nguo zake jicho. Aluoch alibaki akizitazama. Uchungu ulimshika, na hakujua amlaumu nani. Miaka yote ile, mvua na vumbi, alisimama akiamini kwamba akiketi kila kitu kitaanguka. Leo tena amesimamia mali ya mtu ambaye hata hakumwomba.

"Nimechoka, Awuor," alisema. "Nimechoka sana, nyathina, mwanangu."

Awuor alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu yuko chuoni, na jibu lake alilipanga zamani: angemkumbatia, angemwambia sasa pumzika. Lakini lililomtoka ni jingine.

"Hata mimi, mama," alisema. "Hii kazi imenimaliza. Nikirudi nyumbani siongei na mtu mpaka kesho yake. Sikutaka ujue."

Aluoch alimshika mwanawe mkono, wakaenda kuketi kwenye benchi katikati ya barabara.

"Mpigie Ruqiya," alisema. "Mwambie nafasi achukue. Halafu uzime hiyo simu, uniambie yote."