Mlango wa Uani wa Kituo cha Taka

Mimi mdomo ninao, sikatai. Hasira zangu ziko karibu, na aliyeniona mwaka ule nimesimama barabarani na kipaza sauti nikiwaambia watu wa mtaa wangu kwamba ni wachafu, mpaka leo akinikumbusha natafuta pa kuuficha uso. Lakini katika miaka yangu yote ya Bagamoyo hakuna ninaoukumbuka kama huo, maana ndio mwaka wa mwisho niliokaa na mama, na sikulijua hilo.

Kilichonisimamisha barabarani ni kituo cha kupokelea taka. Nilikichora mwenyewe nikiwa bado na kazi Dar, kisha nikaacha kazi nikarudi nyumbani kukijenga. Wazo lenyewe jepesi: mtu analeta taka za nyumbani kwake zimeshatengwa, plastiki mbali, makopo mbali, chupa mbali, maboksi mbali, maganda ya chakula mbali. Vinavyouzika vinasubiri lori la kwenda Dar, maganda yanageuzwa mbolea, na kinachobaki ni kidogo sana cha kupeleka dampo. Kwenye karatasi kilipendeza. Nilikipaka rangi kabisa, kijani na manjano.

Nilipokuwa mdogo hatukuhitaji kitu kama hicho. Nyumba nzima ya bibi ilikuwa na shimo moja tu uani, na halikujaa. Makumbi ya nazi yalianikwa yakawa kuni. Vifuu vilichongwa pawa za kupakulia mchuzi. Maganda ya muhogo yalikuwa ya mbuzi wa jirani, kopo la nyanya likawa koroboi, na mifupa ya samaki paka walikuwa wanaisubiri kabla hatujamaliza kula. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua asubuhi na kumwaga majivu. Ninapokumbuka harufu ya ule ua uliomwagiwa maji kidogo ili vumbi litulie, nasikia uchungu, nikisema ukweli. Baadaye zikaja chupa za maji, nepi za kutupa, pakiti za sabuni na mifuko ya kila namna. Mashimo yakafurika, watu wakaanza kuchoma, na jioni moshi wa plastiki ukawa unatufuata mpaka ndani ya chandarua.

Kiwanja cha kujengea kilikuwa palepale kwa bibi. Nyumba yake ya mawe na boriti ilikuwa imeanguka ukuta kwa ukuta, kila masika na wake, ikabaki kifusi na vichaka. Wajomba zangu wawili, wanaoishi Dar, walikuwa wameshampata mnunuzi wa kujenga gesti. Mama akakataa. Yeye ndiye aliyezaliwa humo, ndiye aliyemuuguza bibi humo mpaka dakika ya mwisho, na alisema hawezi kupita hapo akute wageni wanakunywa bia pale bibi alipokuwa akiswali. Wajomba wakamjibu kwamba kumbukumbu hazilipi kodi ya kiwanja. Ndipo mama akaomba muda.

"Mpeni binti yangu mwaka mmoja," aliwaambia. "Ukiisha na pale pakawa hapana kitu, uzeni. Sitasema neno."

Basi hivyo. Kituo kikifa, ardhi ya bibi inakwenda. Nikaapa mbele yao kwamba hakitakufa.

Geti nililiweka mbele, kwenye barabara kubwa, lori lipate kuingia na watu wapate kuliona. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, ni baraza ambapo wanaume hunywa kahawa na kucheza bao kuanzia alasiri, na asubuhi pia hapakosi watu. Nikaona vizuri, wao ndio watakaotangaza. Nikaweka na sheria: taka ziletwe kwenye ndoo iliyo wazi, tuone pale getini kama zimetengwa sawasawa. Hiyo niliiona ni akili nyingi sana.

Wa kupokea nilimpata mwanamke wa bara, Mkristo, aliyewahi kuishi Vigwaza kabla ya kuja mjini kwetu kuokota chupa ufukweni. Alinizidi miaka sita au saba, nikawa namwita dada, naye ananiita mdogo wangu. Mikono yake ilijua plastiki kwa kuigusa tu. Mwaminifu, mkimya, hana kwao hapa wala ndugu.

Siku ya kufungua watu walijaa, soda zikanywewa, mwenyekiti wa mtaa akasema maneno. Kesho yake hakuja mtu. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Walikuja watoto wa shule na chupa mbili tatu, akaja muuza juisi na maganda yake ya miwa, basi. Wanawake nilipowapitia majumbani walinikaribisha vizuri, walinipa uji, wakaniambia inshallah kesho. Na sisi tunajua, inshallah ya kwetu ikivutwa sana ujue haiji. Huku nyuma ya nyumba zao moshi ulipanda vilevile.

Mwezi wa pili ulipofika katikati nikachukua kile kipaza sauti. Sitaki kuyarudia niliyoyasema.

Mama aliyasikia yote akiwa nyumbani, maana si mbali. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kibao anachambua mchele, ungo mapajani. Nikamlalamikia weee, kwamba ninatwanga maji kwenye kinu, kwamba watu hawa hawataki maendeleo. Akaendelea kutoa chuya moja moja. Kisha akaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akinituma kupeleka futari kwa majirani.

Nikamwambia nakumbuka. Nitaisahauje? Sahani kichwani, juu yake kawa, na onyo kwamba nikilifunua njiani nitakiona cha mtema kuni. Chakula cha watu hakipiti njiani wazi, kikiwa kingi ni majivuno, kikiwa kidogo ni aibu.

"Sasa futari inapita imefunikwa," mama akasema, "makombo yake ndiyo yapite kwenye ndoo wazi, mbele ya baraza zima? Watu wahesabu mwenzao kala dagaa siku ngapi? Mwanangu, taka za nyumba ni siri ya nyumba. Wewe umewajengea wanawake mlango wa wanaume."

Mimi, mwenye vyeti vyangu, mtoto wa hapahapa, nilikaa chini kwenye sakafu. Nilikuwa nimelisahau jambo ambalo kila mtoto wa kike wa mji huu amelelewa nalo. Kwenye ndoo mna nepi za mzee asiyejiweza, mna pakiti ya dawa ambayo mume hajaambiwa, mna ganda la mkate mkavu katikati ya mwezi. Na wanawake wetu tangu zamani walikuwa na njia zao, uani kwa uani, kichochoro kwa kichochoro, mtu akafika mwisho wa mtaa bila baraza kumwona.

Kesho yake nikaita fundi. Tukauvunja ukuta wa nyuma unaopakana na kichochoro, tukaweka mlango mdogo wa mbao, na ndani yake tukajenga kiambaza cha kusitiri, anayeingia asionekane na aliye getini wala anayepita. Sheria ya ndoo nikaifuta. Mtu alete kapu lake limefunikwa, aliache, aondoke, atakuta limeoshwa. Kutenga tutatenga sisi.

Lakini wanawake walikuwa bado na swali, na walikuja kuliuliza uani kwa mama, kama kumi hivi. Ni nani atakayeyafunua makapu? Nikadhani watamkataa dada kwa ugeni wake. Mama akasema huo ugeni ndio dawa, hana shangazi hapa wa kumpelekea maneno. Dada akasimama, akasema kwa kile Kiswahili chake cha bara kwamba atakachokiona kitabaki machoni mwake. Na mimi, kwa kuwa mdomo ninao, nikaongeza kwamba siku tutakaposikia siri ya kapu lolote imetoka, anafukuzwa siku hiyohiyo, awe amemwambia nani. Hata mimi asiniambie. Hayo niliyasema mwenyewe, mbele ya mashahidi kumi.

Wiki iliyofuata walikuja wanne. Iliyofuata, sikuweza kuwahesabu.

Ah, zile asubuhi! Jua halijawa kali, mlango mdogo unalia kila dakika, kanga zinapishana kwenye kichochoro, shikamoo na marahaba, na kicheko. Makapu ya ukindu yamepangwa kivulini yakikauka. Wengine waliondoka, wengine walikaa kwenye msingi wa zamani wa nyumba ya bibi wakasema mambo yao mpaka saa nne. Mchicha uliopandwa kwenye mbolea yetu ulikuwa na majani kama viganja. Mama alikuja na kapu lake kama wenzake, akampa dada mkononi, akakaa nao kidogo, akarudi kwa mwendo wake wa polepole. Nilikuwa nikimwona amepungua. Nikamwambia aache kufunga suna kila Jumatatu na Alhamisi kwa umri ule. Akacheka.

Jambo moja tu lilikuwa linanikera. Kuanzia mwezi wa nne wa kituo, dada akawa haonekani siku ya Alhamisi. Anafungua alfajiri, anapokea yale ya mwanzo, kisha anaomba ruhusa, ana shughuli Dar. Shughuli gani, hasemi. Alhamisi ndiyo siku ya lori, mimi peke yangu na vibarua wawili, jasho mpaka kwenye kope. Nikavumilia wiki tatu, wiki ya nne nikashindwa. Nilimfokea mbele za watu, mkubwa wangu yule, nikamwambia kama kazi imemshinda aseme, wanaoitaka wapo. Hakunijibu. Alhamisi iliyofuata akaenda tena.

Mwaka ulipotimia wajomba wakaja. Mama aliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akikoroga amekaa. Wakakizunguka kituo, wakaangalia marobota ya plastiki, wakaona kichochoro kilivyojaa. Mjomba mkubwa, mtu mgumu, alisimama kwenye ule msingi akasema kiwanja kibaki, hakuna wa kukiuza tena maadamu yeye yu hai. Nilimtazama mama. Sijawahi kumwona mtu akishusha pumzi namna ile.

Wiki tatu baadaye mama akalala, na hakuamka tena.

Niliingia kumwosha pamoja na wanawake wawili wa mtaani. Tulipofunua kifua nikakuta bendeji, safi, imefungwa kwa ustadi, na chini yake kidonda kilichokula titi lote la kushoto. Waoshaji wakaendelea kumimina maji. Mwosha maiti naye ana kiapo chake, anachokiona kinaingia kaburini.

Tukakaa matanga. Kuna mmoja, aliyekuwa amemwona mama alivyokonda, alisikika akisema mficha maradhi kifo humuumbua, nikataka kumtoa kwa mkono, wakanishika. Siku ya tatu, baada ya khitma, watu walipopungua, nilimfuata dada jikoni, alikokuwa anasugua masufuria. Ile bendeji ilikuwa na mkono wake. Mimi nimemwona akifunga vitu mwaka mzima, fundo lake nalijua.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa nne. Kwenye kapu la mama kulikuwa na pamba na vitambaa vilivyofungwa ndani ya gazeti, na alipofungua akajua, kwa sababu mdogo wake wa tumbo moja aliondoka kwa ugonjwa huohuo. Hakumwambia mtu. Alimsubiri mama mlangoni akamwambia yeye mwenyewe, akamsihi waende hospitali. Ndizo zile Alhamisi. Mama alikuwa ananiaga kwamba anakwenda kushinda kwa shoga yake, dada anamkuta stendi, wanapanda gari. Madaktari walisema muda umepita, wakawapa dawa za kupunguza maumivu na namna ya kusafisha kidonda. Vitambaa alivichoma mwenyewe, pembeni, havikuchanganyika na taka za mtu.

Nikamwambia mimi ni mtoto wake. Nikamwambia hata kama kuna kiapo, kiapo gani cha kumficha mtoto? Nilikuwa nalia, nakiri, na sauti yangu ilifika mpaka uani.

"Siyo kiapo tu, mdogo wangu," alisema. "Mama alinikataza. Alisema ukijua utafunga kituo uje umuuguze, mwaka utaisha, na nyumba ya mama yake itauzwa. Akasema nikuache umalize."

Akarudi kwenye sufuria lake. Nikamuuliza mbona siku ile nilipomfokea hakusema japo neno moja la kujitetea. Akasema siku ile mama alikuwa kwenye ule msingi pamoja na wenzake, alisikia kila kitu, na akamfanyia ishara kwa mkono anyamaze.

Kiwanja tunacho mpaka leo, na kituo kinafanya kazi. Wageni huja kukiona, wananipongeza, wananiuliza siri ya mafanikio yake, nami nawaonyesha ule mlango mdogo na kile kiambaza. Wanaandika. Hawaniulizi kama ningeuza. Ningeuza, wallahi, kiwanja chote na mawe yake, siku ile ile, nipate zile Alhamisi na mama yangu.